Tumbo, vidole na kilomita ya kwanza: jibu kwa dada wa Kadutu

Swali: Nina miaka 29, kilo 58, ninaishi Kadutu, Bukavu. Kwenye mazoezi nimekimbia kilomita 10 kwa dakika 58. Siku ya mashindano, kilomita hizohizo zilinichukua saa moja na dakika nne. Usiku wake nililala kama masaa mawili tu. Asubuhi chakula hakikupita, nikanywa kahawa vikombe viwili na maji lita moja na nusu. Choo nilienda mara nne. Kwenye mstari vidole vilikuwa vinachonyota, magoti yamelegea, na bado nilikuwa natafuta pini za kufungia namba. Kilomita ya kwanza saa iliandika 4:55. Ya sita nikatembea. Baada ya wiki saba nina kilomita 21, na mwakani kaka yangu anataka tufanye triathlon fupi (kuogelea, baiskeli na mbio), lakini tulipojaribu kuogelea kikundi ziwani nilishikwa na hofu nikarudi nchi kavu. Nifanye nini ili woga usinile nguvu tena?

Jibu: Dada yangu, umefanya vizuri kuandika namba, maana ndizo zinazoonyesha palipoharibika. Unasema woga ulikula nguvu zako. Nikizisoma namba zako naona kitu kingine. Kilomita 10 kwa dakika 58 ni mwendo wa dakika 5:48 kwa kila kilomita. Ya kwanza uliipita kwa 4:55, yaani sekunde 53 haraka kuliko mwendo wako. Mwanzo wa namna hiyo lazima udaiwe: misuli inachoma akiba yake ya sukari kwa fujo, pumzi inapanda isishuke tena, na ukifika kilomita ya tano au ya sita miguu inakuwa mizito kama umefungiwa mawe. Usiku mbaya peke yake hauchukui dakika sita katika kilomita 10. Choo cha asubuhi nacho hakichukui. Nyingi kati ya dakika hizo ulizipoteza pale mwanzoni, wakati ulipokuwa unajisikia mwepesi kuliko siku zote.

Nalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha kazi ya wiki saba zilizobaki. Ukidhani adui ni woga, utatumia wiki zote saba kuufukuza, na asubuhi ya mashindano utaukuta umekaa palepale unakusubiri. Woga utakuja. Unachoweza ni kuuzuia usikuamulie mambo: ule nini, unywe nini, uvae nini, na zaidi ya yote ukimbie vipi kilomita mbili za kwanza.

Mwili ulikuwa unafanya nini

Ubongo ukiona jambo kubwa liko mbele, tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza mapigo, ini linatoa sukari, damu inapelekwa kwenye misuli na kupungua tumboni. Mtu ambaye moyo wake ukitulia hupiga mara 60 kwa dakika anaweza kusimama kwenye mstari, hajapiga hata hatua moja, akakuta 100 au zaidi. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ndiyo yaleyale ambayo ungeyatafuta kwa kupasha mwili.

Tumbo linachanganya watu kwa sababu linafanya mambo mawili yanayopingana. Wasiwasi unapunguza kasi ya tumbo la juu kumwaga chakula, na wakati huohuo unaharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana mkate haukupita kooni na bado choo kilikuita mara nne. Ni hali ya kawaida kabisa kwa wakimbiaji, hata wa viwango vya juu, na inapangiwa muda wake kama unavyopanga viatu.

Vidole kuchonyota kulitoka kwenye pumzi. Mtu mwenye jakamoyo anapumua haraka na kwa juu juu, kifuani. Anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyotengeneza, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinachonyota. Halafu mtu anahisi kama hewa haimtoshi, akavuta zaidi, na hali ikazidi. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole. Kuvuta kwa nguvu kunachochea tu. Nitarudi hapo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu watu wengi watakwambia “tulia, tulia”. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ya watu waliotakiwa kuimba mbele ya wengine, kuhutubia na kufanya hesabu. Waliojiambia kwamba wana hamu na msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Inaeleweka: moyo unaopiga 110 hauwezi kudanganywa kwamba umetulia, lakini unaweza kukubali kwamba una hamu ya kuanza, kwa sababu mwilini hali hizo mbili zinafanana sana. Kwa hiyo kwenye mstari usijiambie “siogopi”. Jiambie “mwili umeshawaka, niko tayari”. Sema kwa sauti, hata kwa kunong’ona. Na kama unaomba kabla ya kuanza, omba. Sala fupi unayoijua kwa moyo inakupa na pumzi ndefu pia.

Wiki saba hizi

Chukua daftari. Kumbuka mbio zako tatu nzuri na tatu mbaya, za mazoezi au za mashindano, na kwa kila moja andika kutoka 1 hadi 10 ulikuwa na wasiwasi kiasi gani kabla ya kuanza. Mwanasaikolojia wa michezo Yuri Hanin alionyesha kwamba kila mwanamichezo ana kiwango chake cha msisimko kinachomfaa. Mmoja anakimbia vizuri akiwa 3, mwingine anahitaji 7. Ukijua chako utajua pia kama asubuhi unahitaji kukaa pembeni kimya au kusimama na wenzako mkizungumza. Usiige cha mwingine.

Kisha panga asubuhi mbili za majaribio, moja wiki ya tatu na nyingine wiki ya tano. Amka saa ileile utakayoamka siku yenyewe, kula kilekile, vaa vilevile, funga namba yoyote ya karatasi kifuani, nenda choo kwa ratiba, kimbia kilomita 12 hadi 14. Jumapili mapema, kabla pikipiki hazijajaa barabara ya Patrice Lumumba, ni wakati mzuri. Mwili unaogopa kigeni. Kitu ulichokifanya mara mbili kinapungua ugeni.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote kwa mtu wa namna yako ni hili. Omba wenzako watatu au wanne muanze pamoja kilomita 3. Wao waondoke kwa kasi, wewe ubaki nyuma kwa mwendo wako wa kilomita 21, bila kuwafuata. Mara ya kwanza utasikia vibaya sana, kama mtu anayeachwa na gari stendi. Rudia mara nne, moja kwa wiki. Watu wengi wanazoeza mapafu na miguu wakasahau kuzoeza uvumilivu wa kuachwa, na hapo ndipo mashindano yako yalipoharibikia.

Usiku wa mwisho

Hapa nitapita haraka. Usiku mmoja wa kulala vibaya unakufanya uone kazi ni nzito kidogo, lakini nguvu za miguu zinabaki karibu zilezile kama wiki nzima umelala vizuri. Usiku wa kutegemea ni ule wa siku mbili kabla; mashindano yakiwa Jumapili, linda usingizi wa Ijumaa. Usiku wa Jumamosi lala chali ndani ya giza hata kama macho yako wazi, na usiangalie saa.

Kinachofaa kukuchukulia muda jioni hiyo ni mkoba. Funga namba kwenye fulana kwa pini nne, pembe zote nne, usiku, halafu ivae uruke ruka uone kama haichani. Weka pamoja viatu, soksi ulizokimbia nazo kabla, karatasi ya choo ya kwako mwenyewe, chupa, mafuta ya kupaka mapajani na kwapani, koti la zamani la kujifunika baridi ya asubuhi, na fedha ya pikipiki. Mtu anayetafuta pini dakika tano kabla ya kuanza anaongeza woga juu ya woga, na mikono inayotetemeka haifungi pini.

Chakula cha jioni kiwe cha kawaida kwako, chepesi kwa mafuta na makapi: wali na samaki kidogo, au bugali na mchuzi mwepesi. Sombe (majani ya muhogo) yenye mawese, maharage na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga ni vyakula vyema kabisa, ila mchana wa siku hiyo uwe mwisho wa kuvila. Majani na maharage yanafika kwenye utumbo mpana asubuhi, wakati adrenalini nayo inausukuma.

Asubuhi, kuanzia kitandani

Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuanza. Masaa matatu kabla, uwe umeshaamka na unakula. Kwa kilo 58, lenga karibu gramu 90 za wanga: ndizi mbivu mbili za wastani (kama gramu 50), vipande viwili vya mkate (30), na chai yenye vijiko viwili vidogo vya sukari (karibu 10). Kama koo limefunga, usilazimishe mkate, kunywa chakula: uji mwepesi nusu lita wa unga wa mahindi gramu 60, na vijiko vitatu vikubwa vya sukari, unakupa karibu gramu 80. Unakunywa kidogo kidogo kwa dakika 20. Uji ni rafiki wa watu wenye wasiwasi, kwa sababu tumbo lililopunguza kasi linapitisha kinywaji kwa urahisi kuliko kitu kigumu. Ila ujaribu kwanza kwenye zile asubuhi mbili za majaribio.

Maji: lita moja na nusu ilikuwa nyingi mno, na safari zako za choo bila shaka zilitoka humo kwa sehemu. Kipimo kinachotumika ni mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo, karibu masaa manne kabla ya kuanza. Kwako ni mililita 300 hadi 400, basi. Ukiona mkojo ni wa njano ya maji, umeshatosha. Dakika 15 kabla, funda tatu nne kama mdomo umekauka. Mdomo kukauka ni kazi ya woga, si lazima iwe kiu. Ukijibu kila ukavu kwa chupa nzima unaweza kushusha chumvi ya damu, na kwa mtu atakayekuwa barabarani zaidi ya masaa mawili huko kunaweza kuwa hatari kweli.

Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri na kafeini inasaidia kukimbia, hilo halina ubishi. Kipimo kinachotumika sana huanzia karibu miligramu 3 kwa kilo, ambayo kwako ni kama 170, yaani takriban vikombe viwili. Lakini hicho ni kipimo cha mtu ambaye mikono yake haitetemeki bado. Wewe ulikuwa na adrenalini ya kutosha, ukaongeza kichocheo tumboni tupu. Kunywa kikombe kimoja, kile ulichozoea, pamoja na chakula. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, jua kwamba kafeini inakaa mwilini karibu mara mbili ya muda wa kawaida, ambao ni takriban masaa matano kufika nusu. Hapo nusu kikombe kinatosha.

Choo kipangie mara tatu: nyumbani baada ya kula, ukifika uwanjani dakika 60 kabla, na mara ya mwisho dakika 25 kabla, ukiingia foleni mapema kwa sababu foleni huwa ndefu. Baada ya hapo ukisikia haja ndogo isiyo na kitu, ni wasiwasi tu. Itapotea ndani ya dakika tano za kukimbia.

Dakika ishirini za mwisho

Dakika 20 kabla, tembea haraka dakika tano, kisha kimbia polepole sana dakika tano, na umalizie na mikimbio mitatu ya sekunde 15 yenye wepesi. Kwa kilomita 21 hakuna haja ya zaidi. Kazi ya huku kupasha, kwa upande wa woga, ni kuipa adrenalini mahali pa kwenda.

Dakika 8 kabla, nenda kwenye mstari, na usimame mahali panapolingana na mwendo wako. Usisimame mbele. Mtu wa mwendo wa 6:05 (ndio utakuwa wako, hesabu yake iko hapo chini) akisimama kati ya watu wa 4:30 atabebwa kama jani kwenye mto.

Kisha pumua. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu. Ingiza hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kiganja kisukumwe mbele na tumbo, mabega yasipande. Toa kwa mdomo uliobana, kama unapuliza jiko la makaa bila kutaka kutimua majivu, ukihesabu hadi sita. Utaona kitu: karibu na hesabu ya nne mabega yanashuka yenyewe. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika mbili au tatu. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza kasi ya moyo, na kupumua taratibu kunarudisha hewa ya ukaa kwenye kiwango chake, hivyo vidole vinaacha kuchonyota. Usifanye pumzi kubwa kubwa za kifuani. Hizo zinarudisha kizunguzungu. Lianze zoezi hili leo, kila jioni dakika tano, kwa sababu pumzi ambayo haijazoezwa nyumbani haiji kwenye mstari.

Magoti yaliyolegea hayahitaji dawa. Kaza mapaja kwa sekunde tano, achia, mara tatu. Utahisi miguu bado ni yako.

Kilomita mbili ambazo kila kitu kinaamuliwa

Kwa dakika 58 za kilomita 10, kilomita 21 kwa mtu aliyejiandaa ni karibu masaa mawili na dakika nane, mwendo wa 6:04. Tuseme 6:05, kwa sababu ya vilima na kwa sababu ni mara yako ya kwanza. Sasa hesabu: kilomita mbili za kwanza nenda kwa 6:20 hadi 6:25. Utapoteza sekunde 40 hivi kwa jumla. Mara iliyopita ulipoteza dakika sita. Biashara hiyo nakubali kila siku.

Ugumu ni kwamba 6:20 itaonekana kama unatembea. Adrenalini inaficha uchungu wa kasi kwa dakika chache, kwa hiyo hisia yako ya mwili haifai kuaminiwa katika kilomita ya kwanza. Amini saa ya mkononi, na kama huna saa, amini mdomo. Sema sentensi nzima kwa sauti: “Ninakimbia taratibu, ninafika.” Ikikatika katikati kwa pumzi, punguza hapohapo. Kama njia inaanza kwa mteremko, kama barabara nyingi zetu zinazoshuka kutoka Kadutu kuelekea ziwani, jihadhari mara mbili: mteremko unakupa kasi ya bure halafu unapiga mapaja, na mapaja yaliyopigwa yanadai kuanzia kilomita ya 15. Kwenye vilima vyetu usifuate saa hata kidogo, fuata pumzi. Kupanda kwa 7:00 ukiwa na pumzi ni bora kuliko kupanda kwa 6:05 ukiwa huna.

Kilomita ya 3 hadi ya 15, kaa kwenye 6:05. Baada ya hapo, kama kuna nguvu, zitumie.

Andika pia mipango ya “nikikuta hivi, nafanya hivi”, minne tu, kwa peni mkononi kama unataka. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ndiye aliyechunguza sana njia hii, na nguvu yake ni kwamba uamuzi umeshafanyika kabla akili haijavurugika. Kwako ningeandika: nikiona chini ya 6:10 kilomita ya kwanza, napunguza hatua na kusema ile sentensi. Nikipitwa na kundi, naangalia mita 10 mbele yangu na si migongo yao. Tumbo likikaza, natoa pumzi ndefu tano na kupunguza mwendo dakika moja. Nikifika dakika ya 40 na ya 80, nakunywa maji yenye sukari, njaa iwepo isiwepo. Ya kunywa ni gramu 30 za sukari katika nusu lita na chumvi mbano mmoja, robo lita kila mara. Tumbo la wasiwasi linapokea kidogo kidogo.

Na weka malengo matatu, siyo moja. La kwanza: kumaliza bila kutembea kwa sababu ya kuanza vibaya. La pili: chini ya masaa mawili na robo. La tatu: masaa mawili na dakika nane. Mtu mwenye lengo moja, likiteleza kilomita ya 7, anabaki na kilomita 14 za huzuni.

Ziwani ni hesabu nyingine

Hofu ya majini usiichanganye na ya barabarani, kwa sababu sababu yake mara nyingi ni kinyume. Kwenye mstari ulitoa hewa kupita kiasi. Ndani ya maji, mtu mwenye woga anaizuia. Anainua kichwa, anavuta hewa juu ya hewa ambayo hajaitoa, kifua kinajaa, hewa ya ukaa inarundikana, na mwili unapiga kelele kwamba unakosa hewa huku mapafu yakiwa yamejaa. Ongeza mikono ya watu inayokugonga na mwanzo wa kasi, na yule aliyeogelea vizuri peke yake anarudi nchi kavu. Huo ndio ukweli wa siku yenu, nadhani.

Kwa hiyo anza upya, penye maji ya kiunoni. Ingiza uso, toa hewa yote kwa pua ukivuma kama unaimba mdomo umefunga, mpaka povu liishe, ndipo uinuke. Mara kumi, kila unapokwenda. Povu likikatika katikati, ujue umeanza kuzuia pumzi. Baada ya wiki mbili, ogelea mita 50 mara sita, ukianza kila moja kwa mikono 20 (yaani mivuto 20 ya mkono) ya haraka halafu ushuke kwenye mwendo wa kawaida bila kusimama. Hapo unafundisha pumzi kurudi chini. Kisha waombe kaka yako na mwenzake waogelee kushoto na kulia kwako, karibu kabisa, wakikugusa miguu na mabega, mita 50 kwa 50. Mwisho zoeza kusimama: geuka chali, pumzi tano za tumbo, mwaga maji kwenye miwani, geuka tena, endelea kwa mtindo wa chura mikono kumi, ndipo urudi kwenye mtambaao (mtindo huru). Ukishajua kwamba una mahali pa kupumzika palepale kwenye maji, nusu ya hofu inaondoka.

Usiogelee ziwani peke yako hata siku moja. Mtu mmoja awe kwenye mtumbwi pembeni yako, na boya la rangi kali lifungwe kiunoni. Na kama mazoezi yatawapeleka upande wa kaskazini, karibu na Goma na Sake, waulize wenyeji wa ufuko huo kuhusu mazuku kabla hujaingia majini: hewa ya ukaa hukusanyika kwenye mabonde na sehemu za chini, haionekani, na imeua watu.

Siku ya triathlon fupi utakuwa na mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na 5 za miguu. Ingia majini mapema dakika tano hadi kumi, kama waandaaji wanaruhusu, uloweshe uso na shingo na utoe povu. Simama pembeni au nyuma, na wakishaondoka hesabu hadi 15 kabla hujaanza. Mikono 30 ya kwanza iwe mizembe kupita kiasi. Inua macho kuangalia boya kila mikono sita hadi kumi. Sheria za kawaida za triathlon zinakuruhusu kuogelea mtindo wowote, na kushika mtumbwi wa uokoaji upumzike mradi usisogezwe mbele nao. Ukihitaji msaada, inua mkono juu. Kutumia ruhusa hiyo si aibu na si kushindwa.

Kuhusu vidonge, na dalili ambazo si woga

Nimeona nikuonye kwa sababu mjini kwetu vinauzwa bila karatasi ya daktari. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza, kama diazepamu, vinabaki mwilini asubuhi, vinalegeza misuli na kuchelewesha akili; ndani ya maji ni hatari ya kifo. Propranololi, ambayo wengine wanaimeza ili mikono isitetemeke, inazuia moyo kupanda unapouhitaji, na kwa mwenye pumu inaweza kufunga kifua. Dawa ya kuzuia kuhara usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Na kuna dalili ambazo pumzi na uji havizitibu: maumivu ya kifua yanayobana, kuzimia au kukaribia kuzimia unapokimbia, moyo unaoruka mapigo bila mpangilio, kukohoa povu lenye wekundu ndani ya maji au baada yake, au ndugu wa damu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. Ukiwa na mojawapo, muone daktari na upimwe moyo kwa mashine ya umeme kabla ya kilomita 21, na hasa kabla ya triathlon, kwa sababu vifo vingi vya mchezo huo hutokea kwenye kuogelea.

Ukimaliza mbio zako, tuandikie. Muda wa mwisho tutaufurahia, lakini kwanza nitajie kilomita ya kwanza ulipita kwa ngapi.